Cheti Kilichobaki Sandukuni

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa rundo la mashuka na mche wa sabuni, nikaambiwa nifue mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Ilikuwa nyumba ya wageni ya vyumba tisa pale Madungu, Chake Chake. Nilikuwa nimeishia darasa la saba na sikuwa na kazi nyingine mkononi. Adhuhuri Meneja alikuja kunitazama. Alikuwa mtu mfupi, hacheki ovyo. Alichukua shuka moja kambani, akainusa kona yake.

"Faki," akasema, "mgeni hakujui weye. Ataijua harufu ya shuka tu. Rudia."

Nikarudia. Nilifua miaka mitatu kabla ya kupandishwa kwenye vyumba. Huko niliwekwa chini ya Msimamizi wa Vyumba, mama mmoja mkali aliyetufundisha kutandika. Kona ya shuka hukunjwa kama bahasha kabla ya kuchomekwa chini ya godoro, ili isichomoke mgeni akijigeuza. Mdomo wa foronya hugeuzwa upande usioelekea mlango, mgeni akiingia asiuone mto wenyewe ulivyochakaa. Chandarua hushushwa kabla ya magharibi. Ukikishusha baada, umeshawafungia mbu ndani pamoja na mgeni. Vijana wa siku hizi nawaona wanashusha chandarua saa mbili usiku, kisha wanamuuliza mgeni asubuhi kama amelala vizuri.

Baadaye nikapelekwa Wete, kwenye nyumba ya pili ya tajiri yuleyule, na huko ndiko nilikowekwa mapokezi. Kazi ya mapokezi ni daftari. Daftari la wageni lina safu zake: jina, anakotoka, anakokwenda, kazi yake, nambari ya kitambulisho, sahihi. Polisi huja kulikagua. Na kwetu Pemba kuna jambo moja zaidi ambalo mgeni wa mbali hulishangaa. Mwanamume na mwanamke wakitaka chumba kimoja, waoneshe cheti cha ndoa, au barua yenye muhuri ya sheha, mkuu wa mtaa wao. Wasipokuwa nacho, kila mtu na chumba chake.

Nilifanya mapokezi karibu umri wangu wote wa kazi, Wete kisha nikarudishwa Madungu, na sikuwahi kulivunja hilo. Kuna mzee mmoja wa shamba aliyekuja Madungu na mkewe wakati wa mvua. Waliozwa zamani, shehe akasoma, watu wakala pilau, basi. Cheti hawajakiona maishani. Nilimpa mkewe chumba, na yeye akakataa cha kwake. Akakaa kwenye benchi pale mapokezi mpaka alfajiri, kanzu inamchuruzika. Nilimwendea Meneja nikamwambia naona vibaya.

"Daftari halina huruma, Faki," akanijibu. "Huruma ni ya Mungu. Daftari ni la watu."

Maneno yale niliyapenda. Nikakata kipande cha ubao, nikaandika kwa rangi nyeusi: *Mume na mke wasio na cheti hawapewi chumba kimoja. Usitukasirikie, sauti haina muhuri.* Hilo la sauti nililiongeza kwa sababu watu walikuwa wakiniletea simu niongee na baba mkwe. Ubao ukasifiwa. Nyumba nyingine za wageni zikaunakili.

Nimestaafu. Mwaka huohuo wa kustaafu, mke wangu, Bi Mize, moyo ulianza kumsumbua. Miguu ilimvimba, na usiku akilala chali hukosa pumzi. Ilikuwa lazima niamke nimwinue, nimpange kwenye mito aegemee nusu kukaa, kisha nimshike mgongo mpaka pumzi irudi. Mara mbili usiku, mara tatu. Nilizoea.

Tulikwenda Micheweni kwenye hitima ya dada yake. Nilimwambia asiende, akaenda. Wakati wa kurudi tulipanda gari ya mpwa wangu, na kesho yake asubuhi alikuwa na siku yake ya daktari Chake. Tulipofika Konde gari ikachemka, ikazima. Fundi akafungua, akafunga, akasema kifaa kitapatikana kesho. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, na waliotoka upande wa Chake walisema maji yamekata barabara. Kurudi Micheweni hakukuwa na gari, kwenda mbele hakukuwa na njia. Mpwa wangu akasema atalala garini. Pembeni mwa barabara palikuwa na nyumba ya wageni, taa imewashwa. Nikamshika mkono Bi Mize, tukaingia.

Mapokezi alikuwapo msichana aitwaye Saumu, kajitanda mtandio wa kijani, kalamu sikioni. Ukutani nyuma yake, kwa maandishi ya kompyuta, ndani ya kioo: *Mume na mke wasio na cheti hawapewi chumba kimoja. Usitukasirikie, sauti haina muhuri.*

"Shikamoo babu. Shikamoo bibi. Poleni na mvua. Cheti mnacho?"

"Marahaba. Kiko nyumbani."

"Basi vyumba viwili."

Bi Mize alikuwa ameshaketi kwenye kiti, anahema. Akautazama ukuta, akanitazama mimi. "Faki, si maneno yako yale?"

"Ndiyo yangu."

"Alhamdulillahi," akasema. "Leo yamekurudia."

Nikampigia simu binti yetu, Zuwena, aliyekuwa nyumbani Madungu. Nikamwambia akitafute cheti, akipige picha, anitumie. Saumu akasema picha ataikubali. Zuwena akajibu kwamba cheti kimo kwenye sanduku la mama, na sanduku limefungwa kufuli. Ufunguo? Ufunguo ulikuwa hapohapo Konde, kwenye fundo la pindo la leso ya Bi Mize, ulikokaa siku zote.

"Livunje kufuli," nikamwambia Zuwena.

"Asivunje," akasema Bi Mize.

"Kufuli la nini bibi weye? Nitanunua jingine kesho."

"Asivunje, Faki. Humo mna vyangu."

"Vyako gani visivyoonekana na mwanao?"

Akalikaza fundo la leso. Mtu anahema kama aliyepanda mlima, ananyimwa kulala chumba kimoja na mumewe, na bado analinda kufuli. Nilikasirika, sitaficha. Nikampigia sheha wetu, akapokea, mtu mwema, akamwambia Saumu kwamba anatujua, tuna watoto na wajukuu. Saumu akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akanyoosha kidole ukutani, pale penye neno la muhuri.

"Mie sibishani naye, babu. Lakini muhuri hausikiki kwenye simu."

Ningemgombeza vipi? Ningekuwa mimi ningesema hivyohivyo. Nikaandika majina yetu, safu kwa safu, vyumba viwili vinavyotazamana. Nikamweleza maradhi ya Bi Mize, na kwamba usiku hawezi kuwa peke yake. Saumu alifikiri kidogo, akaenda kuleta mkeka. Akasema atalala yeye chumbani kwa bibi.

Kwa hiyo nikakaa kwenye kiti cha plastiki ukumbini, mlango uko wazi, nikamfundisha. "Mto wa kwanza ulaze. Wa pili uegemeze ukutani. Blanketi likunje mara nne, uliweke chini ya magoti, asiteleze. Sasa mshike nyuma ya mabega, si mikono." Alikuwa mwepesi kufahamu. Kona za shuka nazo alikuwa hajazikunja vizuri, nikamwambia, akazirudia.

Bi Mize alipokosa pumzi mara ya kwanza, Saumu alimwinua, lakini mto wa pili ukamponyoka. Akanigeukia.

"Babu, ingia umshike wewe. Mie nipo hapa, mlango wazi. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," nikamjibu.

"Wallahi mtu huyu," Bi Mize akasema, pumzi imekatika katikati. "Ingia, Faki. Hapana polisi."

Sikuingia. Nilimkumbuka yule mzee wa benchi na kanzu yake iliyokuwa inachuruzika. Niliona nikiingia, basi yule mzee nilimtesa bure. Hiyo ndiyo hesabu niliyoifanya kichwani, na nilidhani ni uaminifu. Nikasogeza kiti mpaka kwenye kizingiti. Bi Mize akanyoosha mkono, nami nikanyoosha wangu, haikufika. Saumu akasukuma kitanda kidogo kidogo, miguu ya kitanda inakwaruza sakafu, mpaka vidole vyetu vikagusana. Nikavishika hivyo vidole vyake mpaka adhana ya alfajiri. Mara nyingine akaniambia, "Mgumu kama muhogo wa jana." Mara nyingine akasinzia.

Asubuhi maji yakapungua, tukaenda kwa daktari. Aliishi wiki sita baada ya hapo. Tukamzika Madungu.

Siku aliyofariki, kina mama waliokuja kumwosha waliuliza sanda. Nilikuwa nimeshawatuma watu dukani. Zuwena akaja na leso ya mama yake, akafungua fundo, akanipa ufunguo. Nikafungua lile sanduku mwenyewe. Juu kabisa kilikuwa cheti chetu cha ndoa, ndani ya mfuko wa nailoni, kimekunjwa mara moja tu. Chini yake sanda yake, imeshakatwa, pamoja na udi na kafuri. Na chini ya hiyo, sanda ya pili, ndefu zaidi. Yangu.

Ndiyo maana hakutaka kufuli livunjwe. Hakutaka Zuwena azione, tena peke yake, usiku wa mvua, baba na mama wako mbali. Nami nilimgombeza mbele ya mtu baki.

Vijana wanaoshika mapokezi leo huniuliza kama sheria ile ni nzuri au mbaya. Sheria siisemi vibaya. Nyumba ya wageni isiyo na daftari la kweli ni banda tu. Lakini nimemwandikia barua Meneja wa ile nyumba ya Konde, nikamwomba aongeze mstari mmoja chini ya maneno yangu: *Mgonjwa asitenganishwe na mwenzi wake.* Hakunijibu. Nikaenda mwenyewe. Saumu alikuwapo, kalamu sikioni, mstari umo tayari chini ya kioo, ameuandika kwa mkono.

Akanisalimu, akaniuliza kama nataka chumba. Nikamwambia nimepita tu. Kisha, sijui kwa nini, nikatia mkono mfukoni mwa shati nikamwonesha cheti. Natembea nacho sasa kila siku.

Akakisoma mpaka chini, penye muhuri. "Sawa babu," akasema. "Kimekamilika."

Akanirudishia.