Nilibadili "saa" kwenye mafaili mia tatu kwa mpigo, dada yangu akaonekana mwongo

Wakuu, habari za huko mliko.

Miaka yote humu mimi ni msomaji tu. Leo naandika kwa sababu kuna mkuu kauliza programu gani nzuri ya kutafuta neno na kulibadili kwenye mafaili mengi kwa wakati mmoja. Wamemjibu kwa kumtajia majina na nyota. Mimi jibu langu ni refu. Sitaongeza chumvi, waliohusika nawataja, na mimi nimo.

Shule yangu ni darasa la tano, kambini Kigoma. Wazazi Warundi. Yaliyotutoa kwetu sitayasimulia, ila tulitoka nyumbani tisa, tukafika Kigoma watatu: mama, dada yangu Venansia na mimi.

Mimi nikapata bahati ya kuja Toronto. Dada alirudi Burundi, akaolewa, yakamkuta tena mara ya pili. Hayo ya pili ndiyo yaliyomleta hapa kuomba ukimbizi. Mama akabaki kambini, mgonjwa, na dada alikuwa na wazo moja tu kichwani: apate karatasi, akamwone mama.

Shikeni hapo.

Miaka ile ya Windows XP nilikuwa napanga mikate kiwandani North York, nakaa Etobicoke. Kanisani tulikuwa na kikundi cha kusaidia wageni. Kazi yangu kuchapa. Mtu anakaa mbele yangu anasimulia yaliyomkuta, mimi nachapa kwa Kiswahili, faili la kawaida la Notepad. Kisha Clarisse, binti wa mzee mmoja wa kanisa, anatafsiri Kiingereza, mwenye habari yake anasaini. Siku ya hearing, yaani kuhojiwa mbele ya baraza la wakimbizi, kile alichosaini ndicho anachobanwa nacho.

Clarisse alikuja Canada na miaka minne. Kiswahili anakielewa, ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Siku moja wakili akatupigia simu, anauliza mbona watu wenu wote wanakwenda shambani saa nane za usiku?

Kumbe binti akikuta "saa 2 asubuhi" anaandika 2 a.m.

Katibu wetu Fulgence akaitisha kikao. Akamuuliza, "Binti yangu, hujui saa mbili ni eight?"

"But uncle, mbili is two."

Tulicheka wakuu. Mama mmoja wa kwaya akasema, "Mwacheni mtoto, saa yake imezaliwa huku huku."

Kumfundisha msichana mmoja kujumlisha sita ingechukua muda wa kunywa chai. Fulgence hakutaka. Fulgence alisoma sekondari, basi kila kitu lazima kiwe na mpango. Akaamua mafaili yote yageuzwe saa za Kizungu kabla ya Jumatatu. Akaniandikia karatasi, mistari kumi na mbili: saa 1 iwe saa 7, 2 iwe 8, 3 iwe 9, anashuka hivyo mpaka 12 iwe 6.

Faili la dada lilikuwa humo. Hearing yake ilikuwa imekaribia.

Programu nilipewa na Desire, yule aliyekuwa anajiita fundi wa kompyuta kwa sababu ana bisibisi. CD moja, programu mbili. "Chagua wewe kaka, zote zinafanya kazi moja."

Uongo. Hazifanyi kazi moja.

Ya kwanza ilikuwa na maswali. Unataka neno zima au kipande? Nikuonyeshe kwanza kabla ya kubadili? Nitunze nakala ya zamani? Una uhakika? Yote kwa Kiingereza, na mimi nina kamusi pajani. Nilipojaribu ikanionyesha "saa 70 jioni". Nikawaka. Programu gani hii inaandika saa sabini? Nikampigia Desire.

"Inakuta 1 ndani ya 10 kaka. Weka nafasi baada ya namba, basi."

Yaani ilikuwa inanionya. Mimi nikaona inanidharau.

Niseme kitu hapa, mtanielewa mnaotoka tulikotoka. Maisha yangu nimeulizwa sana. Mpakani, kambini, ubalozini, uwanja wa ndege. Una uhakika? Rudia tena. Mwaka gani? Mbona jana ulisema hivi? Sasa mtu mzima nimekaa Jumamosi kwenye ofisi ya kanisa, na mashine nayo inaniuliza kama nina uhakika.

Nikaifunga. Nikafungua ya pili. Hiyo ilikuwa na visanduku viwili na kitufe kimoja, Replace All, badili zote. Haiulizi kitu. Nilijisikia naheshimiwa.

Nikaenda na karatasi ya Fulgence mstari kwa mstari, na ile nafasi baada ya namba. Kumi na mbili zikaisha. Nikafungua faili moja kuhakiki.

Nikafungua la kwangu mwenyewe. La kwangu lilikuwa na saa moja tu ndani yake, saa 8 mchana, kitu kilichonitokea kambini. Sasa imesomeka saa 2 mchana. Sahihi kabisa. Nikazima kompyuta, nikaenda kula.

Mliosoma mmeshaona. Mimi sikuona.

Saa 2 asubuhi ilikuwa imegeuka 8, vizuri. Lakini nilipofika mstari wa nane nikaiambia programu 8 iwe 2. Ikakuta ile 8 niliyoitengeneza mwenyewe muda mfupi nyuma, ikairudisha 2. Haijui ipi ya zamani, ipi mpya. Saa za mchana zikageuka sawa, za asubuhi zikabaki vile vile, na Clarisse safari hii ameambiwa namba ni za Kizungu, aandike anavyoziona. Kwenye mafaili mia tatu na kitu hakukuwa na saa hata moja inayozidi sita. Hakuna aliyeliona hilo.

Dada alikuwa ameniambia mimi, kwa mdomo wake: nilitoka nyumbani saa mbili asubuhi kumpeleka mtoto kliniki, na nikarudi saa nane mchana nikakuta mume wangu wameshamchukua.

Clarisse akaandika 2 a.m. na 2 p.m. Siku ya kusaini akamsomea mbio mbio, saa akizitaja kwa Kiingereza. Dada akaitikia tu.

Kwenye hearing nilikaa nyuma. Mkalimani wao alikuwa Mkenya, anaijua kazi. Akatafsiri swali vizuri kabisa: "Karatasi yako inasema ulitoka nyumbani saa nane usiku kwenda kliniki."

Dada akasema, "Saa nane usiku kliniki gani? Mimi mchawi?"

Halafu akacheka. Venansia akiogopa anacheka, tangu utotoni. Yule mama wa baraza aliyekuwa anauliza hakucheka. Kliniki inafunguliwa usiku? Ulikaa huko masaa kumi na mawili? Leo unasema asubuhi, kwa nini ulisaini usiku?

Dada akageuka akanitazama. Mimi ndiye niliyechapa. Nikainamisha kichwa.

Akakataliwa. Waliandika kwamba haaminiki.

Tukakata rufaa. Nakala ya zamani haikuwepo, ile programu isiyouliza haikutunza. Mafaili ya wengine tulirudia kuwauliza wenyewe, na walioandika saa za usiku ndiyo balaa, saa 2 na saa 8 zote zimekuwa 2. Wengine walishahamia Alberta. Wazee wawili walishafariki na saa zao.

Rufaa ilichukua karibu miaka miwili. Alishinda. Karatasi ya kusafiria ilipotoka, mama alikuwa ameshazikwa miezi minne.

Fulgence hajawahi kusema pole. Anasema karatasi yake ilikuwa sahihi, na kweli mistari ilikuwa sahihi, mmoja mmoja. Desire anasema programu zilikuwa mbili, nilichagua mwenyewe. Huyo simpendi, lakini hapo hajakosea.

Dada tunaongea. Jumapili namuuliza, "Nikupitie saa ngapi?" Ananijibu, "Saa nne. Ya kwetu, usiibadilishe."

Kwa hiyo mkuu uliyeuliza: tunza nakala kabla hujagusa chochote. Ukitaka kubadilishana namba, zipe kwanza alama, 2 iwe H8, ukimaliza yote ndipo ufute H. Na ukihakiki, usifungue faili lako. Fungua la mtu ambaye likiharibika ataumia.

Wenye ujuzi naomba mnitajie programu humu chini. Nimeombwa tena nichape, safari hii simulizi za wazee wetu. Msinitajie iliyo rahisi. Nataka ile inayouliza maswali mengi kuliko zote.

Nitakaa na kamusi, nitajibu moja moja.