Vijiti vya Protus Kinamasini

Roselida wa Rukala alikuwa na mdomo wa kumpa mtu homa, na aliyeugua zaidi ni shemeji yake Protus. Tangu afiwe na mume alikula kwa kusuka mikeka ya mafunjo na kumpelekea Kassim dukani Busia. Lakini baada ya mafuriko makubwa watu walifyeka mafunjo ya kinamasini wapande viazi, na kufikia mwaka wa sitini na saba kilibaki kichaka kimoja tu. Ndani yake nzohe jike na mtoto wake, wale swala wa matopeni wenye kwato ndefu, walijibana kama wapangaji wanaongoja kufukuzwa.

Bwana Nyama, afisa wa wanyama wa porini, alikuja akataka mafunjo yapandwe tena kukizunguka kichaka. Akaomba kiongozi. Protus alishasimama. Huyo hata matangani kwa mtu asiyemjua atapanga viti.

Wanawake walipanda mizizi, maji magotini. Protus alielekeza kutoka pakavu, kofia kichwani. Kisha, ili Bwana Nyama aione kazi yake, akachomeka vijiti vya siala pande zote.

Siala! Huku hata mtoto anayenyonya anajua mti wa siala hupandwa mpakani. Ukiichomeka, umesema shamba ni lako.

Asubuhi wanaume wa Rukala walikuwa kinamasini, kila mmoja na mzigo wake wa siala, wakigawana matope. Mzee Ogutu alishakanyaga mafunjo machanga na sasa panga lake lilikuwa linakula kichaka chenyewe.

"Mzee, unafanya nini?" Roselida aliuliza.

"Muulize shemeji yako. Yeye ale nyama, sisi tunuse mchuzi?"

Roselida akamfuata Protus. "Shemeji, ng'oa vijiti vyako, nao watang'oa."

"Mama, vile ni alama tu."

"Basi ng'oa alama."

Protus aliyatazama matope, akavitazama viatu vyake. "Lakini ukifikiria vizuri, siala ikishika mizizi…"

Roselida aliona macho ya mwanamume yameshalima pale na kuvuna.

Mwanamke aliyeolewa hagusi mpaka wa ukoo. Roselida akafunga leso kiunoni, akaingia majini, akaanza kung'oa vya Protus.

"Utaleta laana kwa nyumba ya marehemu," Protus alisema, bado yuko pakavu.

"Laana ilishakuja. Ile pale, imevaa kofia."

Ogutu alicheka mpaka panga likashuka. Akang'oa kijiti chake cha kwanza, na wengine wakafuata, maana hakuna aliyetaka kubaki peke yake na siala mkononi akifanana na Protus. Kichaka kilikuwa kimeliwa upande mmoja tu. Wanawake wakapaziba kwa mizizi siku hiyo hiyo.

Vijiti vya Protus vilikwenda jikoni kwa Roselida kuwa kuni. Jioni mwenyewe akaja, anafikicha macho kwa moshi.

"Hata kimoja hukuniachia?"

"Keti, shemeji. Ugali unakaribia kuiva."

Akaketi. Mtu kama huyo hukataa ugali?