Viwiko vya Shangazi

Katika ukoo wetu, pale Mungaa, shangazi ndiye anayempaka mtoto mafuta ya alizeti siku anapotolewa nje kwa mara ya kwanza. Si mama mzazi, si bibi. Shangazi! Kaka yangu alipopata mtoto, na shangazi ni mimi peke yangu, mama akasema, "Safari hii atampaka jirani. Wewe na hayo magamba yako utamwambukiza mtoto."

Jamani, niliumia. Magamba ninayo tangu utotoni, viwikoni na magotini: mabaka mekundu yenye ukoko mweupe. Mama aliamini ni uchafu uliogoma kutoka. Kila Jumamosi alinisugua kwa gunzi la mahindi mpaka damu itoke, akaridhika kwamba sasa amefika kwenye ngozi safi. Wiki haijaisha, ukoko umerudi mnene kuliko mwanzo. "Huogi vizuri," ananiambia. Mimi huyu, niliyekuwa naoga asubuhi na jioni kijiji kizima kikilia shida ya maji!

Sikulia wala sikubembeleza. Nilimwambia, "Mama, jifunge kanga zako, twende hospitali mjini ukaambiwe na wenye kujua." Alikuja, ila alinuna njia nzima.

Daktari wa ngozi alimpa mama shikamoo yake, kisha akanishika kiwiko kwa mkono mtupu. Mama akaguna.

"Hii ni soriasisi, mama. Haiambukizi hata mkilala shuka moja," daktari akasema. "Ngozi ya juu kabisa ya mtu yeyote, hata yako, haina mishipa ya damu. Inaishi kwa oksijeni kidogo, na imezoea, inajimudu. Ya binti yako, kinga ya mwili inaichokoza, inajijenga haraka mno na kuwa nene. Oksijeni inazidi kuwa haba, basi inaita damu kwa nguvu. Mishipa inaongezeka, inasogea karibu na juu. Ndiyo huo wekundu."

"Na mtu akiikwangua?" mama akauliza.

"Damu iko hapo hapo, itatoka. Na kidonda kinaichochea ijijenge zaidi."

Mimi niliondoka pale kifua mbele, sitaki kudanganya. Nilimnunulia chai mjini na nikaongea peke yangu mpaka tukafika nyumbani. Mwenye haki haogopi kelele, na siku hiyo kelele zilikuwa zangu.

Siku ya kumtoa mtoto majirani walijaa uani. Wifi yangu alikaa mkekani na mwanawe, na yule jirani aliyeandaliwa akanyoosha mkono achukue chupa ya mafuta. Nilikuwa nimeshafungua kinywa nimkatalie, potelea mbali aibu, lakini mama akaiwahi chupa.

"Subiri kwanza, dada," akamwambia.

Akaja nilipokaa. Akanipandisha mikono ya gauni mbele ya watu wote, viwiko vikawa wazi, akamimina mafuta kiganjani na kuanza kunipaka kwa ncha za vidole, polepole.

"Kumbe nilikuwa nakuumiza, mwanangu," akasema.

Akafuta mikono kwenye kanga, akamchukua mtoto kwa wifi, akaniwekea mapajani.