Treni Iliyosimama Sakramento

Enzi zetu, sisi tuliokulia Doha kabla ya metro, treni ilikuwa kitu cha kusimuliwa tu, kama theluji. Baba alikuwa fundi wa reli Tabora kabla hajaja kuendesha gari la familia moja ya Kiqatari, na kutokuijua kwetu treni kulimuuma. "Mtoto wa Tabora asiyejua treni," alikuwa akisema, "ni sawa na mtoto wa Pemba asiyejua karafuu."

Basi kila Ijumaa, baada ya swala na pilau, mimi na kaka yangu Idi tulipanga viti vya plastiki kwenye korido, kiti nyuma ya kiti, hadi mlango wa jiko. Kiyoyozi kilinguruma, tukasema ndiyo injini. Nyumba nzima ilinukia iliki ya chai ya karak. Ukutani palikuwa na ramani ya Marekani iliyotupwa na watoto wa bosi wake Baba. Wangetupa ya China, tungekwenda China. Tukapanga kuivuka Marekani yote kwa treni, kuanzia New York hadi San Francisco, na wala hatukuona kuwa ni mchezo. Mama alikwishaamua hadi mablanketi ya kubeba.

Mtu wa Reli ya Kati anaikumbuka safari kwa vinavyouzwa dirishani: zabibu Dodoma, kuku Saranda, asali ukikaribia Tabora. Kwa hiyo Mama akaigawia Marekani vyakula vyake. New York karanga, maana watu wa kule wana haraka. Chicago kuku. Denver kuna milima na baridi, hapo uji wa tangawizi. Tulipofika Salt Lake akauliza maana ya jina, akafikiri kidogo, kisha akakata shauri: ziwa lipo, chumvi ipo, samaki wakavu hawawezi kukosa. Baba alikaa kiti cha mbele, akatoa kichwa nje ya dirisha lisilokuwepo na kupaza sauti, "Hapa wanauza nini?" Mmoja wetu akamkimbilia na beseni kichwani, ananadi. San Francisco peke yake hatukuipangia kitu. Baba alisema mwisho wa reli mgeni hapangi, anapokelewa.

Ijumaa moja akateremka Wambui, nesi Mkenya wa ghorofa ya juu, aliyewahi kumtembelea dada yake huko Marekani. Akatutazama, akacheka hadi akashika ukuta.

"Mama Idi, hizo treni za huko dirisha haifunguki! Na hakuna mtu anauza kuku stesheni. Mnakula ndani, kwa restoranti."

Mama aliweka birika chini. "Halifunguki? Siku zote hizo?"

"Hata kidogo."

"Basi masikini wamepata hasara," Mama akasema, kwa huruma ya kweli. Baba akatoa kichwa kwenye dirisha lake. "La kwetu linafunguka. Twende!"

Tulikuwa tumefika Sakramento, kituo kimoja tu kabla ya mwisho, kodi ya nyumba ilipopanda na ada ya shule ikapanda nayo. Mama, Idi na mimi tukarudishwa Tabora. Baba akahamia chumba cha kuchangia kule Industrial Area, mtaa wa vibarua. Siku ya kuondoka alibandua ramani ukutani, akaikunja, na kusema, "Treni inasimama hapa. Haisogei mpaka tuwe wote." Nililia njia nzima hadi uwanja wa ndege. Nilidhani ni suala la wiki chache.

Tangu hapo kila Ijumaa alipiga simu, na kabla ya salamu Mama aliuliza, "Mko wapi?" Naye akajibu, "Bado Sakramento. Injini inapoa." Injini ilipoa hadi Idi akaota ndevu. Ikapoa hadi mimi nikamaliza shule na kurudi Doha, kufanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Al Sadd. Nilimkuta baba yangu ana mvi na miwani, na ramani ile iko chini ya godoro lake.

Metro ilipofunguliwa nilimchukua siku ya mapumziko, nikijua atafurahi. Alikaa wima, mikono magotini. Tulipofika kituo cha Al Sadd akaniegemea, "Hapa wanauza nini?" Nikatazama: marumaru, ngazi ya umeme, vijana wameinamia simu. Hawakunyanyua hata jicho. Vijana wa leo wanaizuru Chicago kwa kidole gumba wakiwa chooni, na bado wanalalamika kuwa wamechoka. "Hawauzi kitu, Baba," nikasema. Akagusa kioo kwa kiganja. "Na halifunguki," akasema. Kituo kilichofuata akaniambia anataka kurudi nyumbani Tabora, moja kwa moja.

Nikaomba likizo, nikamsindikiza. Kutoka Dar es Salaam tulipanda treni ya zamani, ile ya mwendo wa kinyonga, yenye vumbi na madirisha ya kushusha. Dodoma alinunua zabibu, Saranda akanunua kuku wawili, huku akibishana bei na kucheka kama mtoto. Leo kwa simu hii hii ningeweza kukata tiketi ya kuivuka Marekani kabla chai haijapoa. Sijawahi. Wenzangu wanaonyeshana picha za mabehewa ya kule, na vioo vyake vizuri, nami nawasikitikia kama Mama alivyowasikitikia Wamarekani wenyewe.

Treni ilipoingia Tabora, Mama na Idi walikuwa wamesimama kando ya behewa letu. Baba alitoa kichwa dirishani, safari hii dirisha la kweli, akapaza sauti.

"Hapa wanauza nini?"

Mama akamnyooshea mikono.

"Hapa ni San Francisco," akasema. "Hapauzwi kitu. Shuka, tukale."