Siku Darasa la Sita Lilipopima Mnazi

Alipopigiwa simu kwamba anatakiwa Kilwa Masoko kwenye mafunzo ya walimu wakuu, Mwalimu Umi Maftaha hakufurahi. Mitihani ya muhula ilikuwa inakaribia, na shule yake, iliyoko kijijini kati ya Kivinje na Kikole, ilisifika kata nzima kwa utulivu. Ukipita barabarani saa za masomo ungedhani imefungwa. Utulivu ule aliujenga yeye mwenyewe, na hakuona watu wa semina watamwongezea nini.

Mwezeshaji wao, mwanamume mfupi aliyeitwa Optatus, hakuwapa makabrasha wala hakuwasha mashine ya kuonyeshea picha ukutani. Aliwapandisha gari hadi Kilwa Kivinje, akawashusha mbele ya magofu ya Wajerumani.

"Kila mmoja anitafutie hapa somo la kufundisha," alisema. "Bila ubao, bila kitabu."

Walimu wakuu walitazamana. Wengine walicheka kidogo, wakaenda kutafuta kahawa. Umi alibaki amesimama juani akiudhika, mpaka alipoona kivuli cha ukuta mrefu kimelala chini mbele ya viatu vyake. Alifundisha hisabati kwa miaka mingi kabla ya kuwa mkuu, na mara wazo likamjia. Aliokota fimbo, akamwomba mwenzake, Mwalimu Valerian, aishike wima. Akapima kwa nyayo fimbo na kivuli chake, akapima kivuli cha ukuta, akapiga hesabu ya uwiano kwa kijiti mchangani. Urefu wa ukuta ukatoka, na hakuna aliyepanda popote. Alijikuta anatabasamu peke yake.

Optatus alikuja akachuchumaa, akaitazama hesabu ile.

"Sawasawa kabisa," alisema. "Sasa niambie, Mwalimu, wanafunzi wako wangekuuliza nini hapa?"

Wanafunzi wa Umi hawakuwa na desturi ya kuuliza. Swali lile lilimkaa moyoni siku zote za mafunzo, na kila zoezi jipya lilipokuja, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama. Mafunzo yalipokwisha alitamani Jumatatu ifike haraka.

Jumatatu ilipofika aliwaita walimu wake, akawaeleza alichokiona. Mwalimu Bashiru, mwalimu wa hisabati aliyekaribia kustaafu, alisikiliza mpaka mwisho.

"Mkuu, hawa watoto nawajua," alisema. "Ukiwatoa nje hawarudi. Utawaokota kwenye mikorosho huko."

"Inawezekana, Mwalimu," Umi alijibu. "Ndiyo maana sikuombi uwatoe wewe. Nitawatoa mimi. Nakuomba tu uje utazame."

Kesho yake, jua likiwa limepanda vizuri, aliliongoza Darasa la Sita hadi kwenye mnazi mrefu nyuma ya ofisi. Aliwagawa makundi mawili, akawapa fimbo ya mita moja na kamba yenye vipimo. "Nataka urefu wa mnazi huu," aliwaambia. "Kuupanda ni marufuku." Kisha akafanya jambo lililokuwa gumu kwake kuliko yote: akanyamaza.

Mwanzoni walimtazama tu. Baadaye Zakia, binti mpole ambaye sauti yake haikujulikana darasani, aliisimamisha fimbo chini, akaanza kuwaonyesha wenzake vivuli. Uwanja ukachangamka. Kundi lake likapata mita kumi na mbili, na kundi la pili likapata tisa. Hapo ndipo kelele zilipoanza, kila upande ukidai wenzao hawajui kugawanya. Madarasa mengine yakachungulia madirishani.

Katikati ya zogo lile, Afisa Elimu Kata akaingia na pikipiki yake. Alizima, akavua kofia ngumu, akatazama uwanja.

"Mwalimu Mkuu, kuna nini hapa?"

"Kuna ubishi, Afisa," alijibu. "Wanabishana kuhusu uwiano. Karibu usikilize."

Afisa akasogea. Zakia alikuwa amekwenda kuikagua kazi ya kundi la pili.

"Kivuli cha fimbo mlikipima saa ngapi?" aliwauliza.

"Mwanzoni kabisa."

"Na cha mnazi?"

"Sasa hivi."

"Jua limepanda. Vivuli vimekuwa vifupi. Pimeni vyote kwa pamoja."

Hilo Umi hakuwa amewafundisha. Kundi la pili likapima upya, na safari hii likakaribia kumi na mbili. Kijana mmoja hakuridhika, akataka ushahidi. Kwa hiyo wakamwita Nurdin, mkwezi wa minazi wa jirani, akapanda na ncha ya ile kamba ya vipimo kiunoni. Wanafunzi wa shule nzima walikuwa wametoka, na kina mama waliokuwa wakitoka kisimani wametua ndoo zao. Mwalimu Bashiru mwenyewe alipiga magoti kwenye shina, akasoma kipimo, akavaa miwani akasoma tena.

"Kumi na mbili," alitangaza, "na kitu kama shubiri."

Vifijo vilivyofuata vilisikika barabarani. Afisa alipiga makofi pamoja na watoto, na kabla ya kuondoka alimwomba Umi akawaonyeshe wakuu wengine wa kata jambo hilo. Umi alikubali kabla Afisa hajamaliza sentensi.

Siku iliyofuata, Umi alimkuta Mwalimu Bashiru mlangoni kwa ofisi, mkononi ana makumbi mawili ya nazi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mkuu. Nimewaza. Ukitupa kumbi mtoni, ukapima umbali na kuhesabu sekunde, unapata mwendokasi wa maji. Nataka kuwapeleka Darasa la Saba, ukiniruhusu."

"Nakuruhusu," alisema Umi, akiwa tayari ameingia ofisini kutafuta kandambili zake chini ya meza. "Lakini nisubirini. Nakuja nanyi."