Jina la Mzee Gurdial Kwenye Skrini

Nekoye wa Bondeni, mjukuu wa fundi wa reli, aliwatengenezea wenye maduka wa Nakuru tovuti. Ni kazi ya kimya, na aliipenda kwa kimya hicho, mpaka Mzee Gurdial, mwuza vitambaa, alipofariki.

Kila asubuhi, dukani kwake Nakuru na kwenye tawi la Molo, ukurasa wa oda wa tovuti yake ulipofunguka uliandika: Karibu tena Gurdial. Shakuntala, mjane wake, alimwambia Nekoye kwamba sala za mwisho zinakaribia, na mtu hawezi kuondoka huku anaitwa kila kunapokucha. Akamwomba amwachilie mumewe.

Jina lilikaa ndani ya kuki, kumbukumbu ndogo ambayo tovuti huiacha kwenye kompyuta ili imtambue mtu akirudi. Nekoye aliandika msimbo wa kuifuta. Kuki haing'olewi, hupewa tarehe ya mwisho iliyokwisha kupita, na kompyuta huitupa kama kitu kilichokufa zamani. Msimbo ulikubali bila kulalamika.

Asubuhi Khisa, mwangalizi wa tawi la Molo, akapiga simu. Ukungu, alisema, umefika mpaka mlangoni.

"Madam, mzee bado anafungua duka kabla yangu."

Alicheka kidogo. Akasema atangoja nje.

Nekoye alifungua kompyuta yake. Akausoma msimbo mstari kwa mstari, akaliona kosa lake. Kuki ile iliwekwa kwenye njia, yaani anwani ya ndani ya tovuti, ya ukurasa wa oda, naye alikuwa ameifuta kwenye njia ya ukurasa wa mbele. Kuki mbili za jina moja, zikiwa na njia tofauti, hazijuani. Alikuwa amemzika mtu asiyekuwepo.

Akaandika njia sahihi, Shakuntala akiwa amesimama nyuma yake dukani, shali nyeupe kichwani. Ukurasa ukafunguka upya. Karibu tena, uliandika, na pale jina lilipokuwa pakabaki pengo jeupe.

Shakuntala alisogea akalitazama.

"Mtoto," akauliza polepole, "sasa inamkaribisha nani?"

Nekoye alifuta salamu yote, akampigia Khisa kumwambia aingie, mzee ameshakwenda. Khisa alikawia. Kisha simuni ukasikika mlango ukisukumwa, na sauti yake ikipiga hodi kwenye duka lisilo na mtu.