Fundi na Gauni la Tafeta

Fundi yule haigusi tafeta kabla ya kuosha mikono na kuipangusa kidole kimoja kimoja, utadhani anakwenda kuzalisha. Hariri hii, husema, ina kiburi: ukiikunja vibaya inakuwekea mkunjo, ukichoma sindano tundu halifutiki, na tone la maji likiipata, doa halitoki. Lakini gauni la tafeta husimama lenyewe, na likitembea hutoa mchakacho kama majani makavu. Sasa harusi ni kesho, kitambaa kingine hakipo, na mama wa bibi harusi hajui kutuliza mikono.

"Mama, usiminye."

"Naangalia tu, fundi."

"Macho yako yana vidole?"

Fundi anasonya, anavuta pumzi, anamaliza mshono, kisha anampa bibi harusi gauni akalijaribu nyuma ya pazia. Mara binti akatoka nyuma ya pazia, gauni likichakacha. Mama akainama kunyoosha pindo, na machozi yakamjaa.

"Jamani, huyu mama! Lia, ni haki yako, lakini si juu ya tafeta."

Mama hakuweza hata kusogea. Fundi akapiga magoti huku akinung'unika, akamkingia kiganja chini ya kidevu, akakiacha hapo mpaka mama akamaliza kulia.